Futi 500 zilivyogeuka 100: kisa cha Kauai na sheria ya viuatilifu ya Hawaii

Novemba 2013 baraza la kaunti ya Kauai, kisiwa cha nne kwa ukubwa katika jimbo la Hawaii nchini Marekani, lilikamilisha sheria ndogo iliyozitaka kampuni kubwa za kilimo zitangaze sumu zinazonyunyizia mashambani na zikae mbali na shule, hospitali na makazi. Sheria hiyo haikutumika hata siku moja. Agosti 2014 mahakama iliibatilisha. Mwaka 2018 bunge la jimbo lilitunga sheria yake kuhusu jambo lile lile, na Hawaii ikawa jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku klopirifosi, kiuadudu ambacho wakulima wengi wa Afrika Mashariki wanakifahamu kwa kazi ya mchwa na viwavi.

Ukiziweka sheria hizo mbili mezani, kitu cha kwanza kukugonga macho ni vipimo. Kaunti ilitaka futi 500, yaani mita 152, kati ya shamba na shule. Jimbo likatoa futi 100, ambazo ni mita 30 na nusu. Watetezi wengi wa Kauai walilisoma hilo kama pigo, na kwa umbali peke yake walikuwa na haki. Lakini umbali haukuwa moyo wa kesi hii. Moyo wake ulikuwa taarifa: nani amenyunyizia nini, wapi, kiasi gani na lini. Katika kipengele hicho, ukiacha tangazo la mapema, sheria ya 2018 ilikwenda mbali kuliko ile ya kaunti, na hapo ndipo mwenye kuandika kanuni za viuatilifu anapaswa kukaza macho.

Mashamba yako juu, mji uko chini

Magharibi ya Kauai, kuanzia Waimea hadi Kekaha, ni ukanda mkavu wenye jua karibu mwaka mzima. Miwa ilipokufa, ardhi ile ilichukuliwa na kampuni za mbegu: Syngenta, DuPont Pioneer, Dow na BASF. Hali ya hewa inaruhusu mizunguko mitatu ya mahindi kwa mwaka, kwa hiyo mtafiti anayehitaji miaka mingi kwingineko kupata mbegu mama anaipata pale kwa muda mfupi zaidi.

Kilimo cha namna hiyo kina tabia yake. Shamba la mahindi ya kula hupandwa kwa wakati mmoja, likavunwa kwa wakati mmoja. Shamba la mbegu za utafiti limegawanywa vipande vidogo vidogo, kila kipande kimepandwa kwa tarehe yake. Matokeo yake wadudu wanapata chakula cha kila umri bila kukatika, na bomba la dawa halipumziki. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine ardhi hubaki wazi, na upepo wa kaskazini-mashariki unaovuma sehemu kubwa ya mwaka hubeba vumbi kuteremka nalo mjini. Vumbi hilo lilifikishwa mahakamani kivyake: Mei 2015 baraza la wazee wa mahakama liliwapa wakazi 15 wa Waimea fidia ya zaidi ya dola 500,000 dhidi ya Pioneer kwa uharibifu wa mali zao.

Mgogoro wa sumu wenyewe ulianzia shuleni. Mwaka 2006, na tena 2008, wanafunzi na walimu wa Waimea Canyon Middle School, iliyopakana na shamba la Syngenta, walipatwa na kizunguzungu, kichefuchefu na macho kuwasha. Wazazi walinyooshea kidole unyunyiziaji. Upande wa pili ulitaja mmea wenye harufu kali uliokuwa umeota kwa wingi karibu na shule. Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mmea huo vizuri, maana ni mgagani, tunaouchuma na kuupika mboga. Mgagani kweli hutoa gesi inayowasha. Utafiti wa hewa uliofanywa na Chuo Kikuu cha Hawaii na kutolewa 2013 uliikuta gesi hiyo shuleni, na katika sampuli hizo hizo ukakuta pia klopirifosi na viuatilifu vingine viwili, metolaklori na bifenthrini, kwa viwango vya chini.

Kwa nini basi haikuwezekana kusema ni kipi kiliwaumiza watoto siku zile? Kwa sababu hakuna aliyeweza kuweka rekodi ya unyunyiziaji wa siku hizo mbele ya umma. Sheria ya shirikisho humtaka mkulima mwenye cheti cha kutumia viuatilifu vyenye masharti aandike matumizi yake ndani ya siku 14 na ahifadhi daftari kwa miaka 2. Daftari likakaa kwa mwenye shamba. Daktari anayemtibu mgonjwa ana haki ya kuliomba, lakini daktari huyo lazima kwanza ashuku kwamba ni sumu, na ajue imetoka shamba la nani.

Ni muhimu kueleza hapa mgawanyo wenyewe, kwa kuwa kila kitu kinachofuata kimejengwa juu yake. Marekani inagawa viuatilifu katika makundi mawili. Vile vya matumizi ya jumla mtu yeyote ananunua dukani. Vile vyenye masharti huuzwa na kutumiwa tu na mtu aliyefunzwa na kupewa cheti, au chini ya usimamizi wake. Klopirifosi za mashambani zilikuwa kundi la pili. Glaifoseti, kiuagugu maarufu kuliko vyote, ni ya kundi la kwanza.

Sheria ndogo namba 960

Muswada namba 2491, uliokuja kuwa sheria ndogo namba 960, uliwasilishwa Juni 2013 na wajumbe wawili wa baraza, Gary Hooser na Tim Bynum. Kigezo chake cha kumkamata mhusika kilikuwa cha kiasi: kampuni ya kilimo iliyonunua au kutumia zaidi ya ratili 5 (kama kilo 2.3) au galoni 15 (kama lita 57) za viuatilifu vyenye masharti kwa mwaka. Kampuni hiyo ingetangaza mapema inachokwenda kunyunyizia, ingetoa taarifa ya ilichotumia, na ingetaja mazao yaliyobadilishwa vinasaba inayoyapanda. Ingeacha ukanda wa futi 500 kuzunguka shule, hospitali na makazi, na futi 250 kuzunguka bustani za umma. Faini ilikuwa dola 10,000 hadi 25,000 kwa kila kosa kwa kila siku, pamoja na uwezekano wa kifungo.

Kigezo cha kiasi kilikuwa na mantiki yake ya kisiasa: mkulima mdogo asiguswe. Ubaya wake ni kwamba kiliacha kampuni chache tu ndani ya wavu, kila mtu akizijua kwa majina, na hapo hoja ya kwamba sheria imetungwa kuwaonea watu fulani ikapata pa kusimama. Kosa la pili lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Suala la sumu na suala la vinasaba yana ushahidi tofauti, mamlaka tofauti na wapinzani tofauti. Kuyafunga kitita kimoja kuliwajaza watu barabarani, lakini pia kuliwapa mawakili wa kampuni mlango wa ziada wa kuingilia.

Kura zenyewe zilikuwa za jasho. Kikao cha Oktoba kilipitiliza usiku hadi alfajiri ya tarehe 16, matokeo 6 kwa 1. Meya Bernard Carvalho akapiga kura ya turufu Oktoba 31, akisema anakubaliana na nia ya muswada lakini una kasoro za kisheria. Kuitengua kulihitaji kura 5 kati ya 7, na kiti kimoja kilikuwa wazi kwa sababu mjumbe wake alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi katika ofisi ya meya. Baraza likamteua Mason Chock kukijaza, na Novemba 16 turufu ikatenguliwa kwa kura 5 dhidi ya 2.

Mamlaka ya nani?

Januari 2014 kampuni zikaenda mahakama ya shirikisho. Hazikuhitaji kuthibitisha kwamba klopirifosi ni salama, wala kwamba futi 500 ni nyingi mno. Zilihitaji kuthibitisha jambo moja tu: kwamba kaunti haina mamlaka.

Ngazi zimepangwa hivi. Sheria ya shirikisho ya viuatilifu, iliyotungwa 1947 na kufumuliwa upya 1972, inasajili bidhaa na kudhibiti lebo. Kifungu chake cha 24 kinaruhusu jimbo kuweka masharti makali zaidi ya uuzaji na matumizi, ila lisiguse lebo wala vifungashio. Serikali za mitaa je? Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji mdogo wa Casey huko Wisconsin, ilisema sheria ya shirikisho haiwazuii. Ikaliacha suala hilo mikononi mwa kila jimbo. Baada ya hukumu ile, watengenezaji na wauzaji wa viuatilifu walihamia kwenye mabunge ya majimbo, na leo zaidi ya majimbo 40 yana sheria inayozuia miji na kaunti kutunga kanuni zake za viuatilifu.

Hawaii ilikuwa kati ya majimbo machache ambayo sheria yake ya viuatilifu haikusema lolote: haikuruhusu, haikukataza. Watetezi wa muswada waliusoma ukimya huo kama ruhusa. Jaji Barry Kurren aliusoma kinyume. Alitumia kipimo ambacho Mahakama ya Juu ya Hawaii ilikwisha kukiweka, chenye maswali matatu: je, sheria ya jimbo na sheria ndogo zinahusu jambo lile lile? Je, sheria ya jimbo imelishughulikia jambo hilo kwa upana? Je, bunge lilikusudia utaratibu mmoja kwa jimbo zima? Sheria ya jimbo ilikuwa na leseni, vyeti, ukaguzi, adhabu, idara ya kilimo kama msimamizi na hata kamati ya ushauri yenye wajumbe kutoka sekta mbalimbali. Kwa mahakama, mtu aliyejenga nyumba kamili namna hiyo hakuacha chumba kwa ajili ya mwingine. Novemba 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, mahakama ya shirikisho inayosikiliza rufaa za Hawaii, ikakubaliana naye, na siku hizo hizo ikaziangusha pia sheria za kaunti ya Maui na ya kisiwa kikubwa cha Hawaii kuhusu mazao ya vinasaba.

Kwa hiyo ukimya wa sheria mama si ruhusa. Hili linawahusu moja kwa moja wawakilishi wa kaunti nchini Kenya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kilimo cha mazao, ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama, lakini usajili wa viuatilifu uko kwa bodi ya kitaifa chini ya Sura ya 346 ya Sheria za Kenya, na Kifungu cha 191 cha Katiba ndicho kinachoamua sheria ipi itashinda zikigongana. Tanzania njia ni nyembamba zaidi: sheria ndogo ya halmashauri haiwezi kupingana na sheria ya Bunge, na haianzi kufanya kazi bila idhini ya waziri, huku viuatilifu vikiwa chini ya mamlaka ya afya ya mimea iliyoundwa kwa Sheria namba 4 ya 2020. Anayetaka kuandika kanuni ya mahali pake aanze kwa kusoma sheria mama kipengele kwa kipengele, aandike pembeni nani amepewa kila jukumu, kisha atafute eneo ambalo ngazi yake imetajwa waziwazi: vibali vya biashara, mipango ya matumizi ya ardhi, afya ya mazingira, ardhi na majengo ya kaunti yenyewe. Anachokiandika juu ya eneo hilo kitasimama. Kingine chote kinahitaji kupelekwa ngazi ya juu, na ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kulisikia kwa jaji.

Wakati kesi ikiendelea, Kauai haikuwa na kitu isipokuwa mpango wa hiari wa ujirani mwema, ambapo kampuni zilichapisha kila mwezi kiasi cha viuatilifu vyenye masharti walichotumia na kuacha futi 100. Mpango huo ulileta takwimu za kwanza ambazo mwananchi aliweza kuzisoma. Lakini hakukuwa na adhabu kwa anayekosea, hakukuwa na ukaguzi wa kujitegemea wa namba hizo, na kampuni iliweza kujitoa ikitaka. Jopo la wataalamu lililotoa ripoti yake Mei 2016 halikupata ushahidi wa kitakwimu wa madhara ya kiafya, na likasisitiza kwamba takwimu zilizopo hazitoshi na vipimo vya hewa, maji na udongo vianzishwe. Kila upande ulikata nusu ya sentensi hiyo ukaondoka nayo.

Kekaha, Januari 20, 2016

Kilichotokea Kekaha asubuhi hiyo hakikuhusu ukanda wala jirani. Wafanyakazi 19 waliingia katika shamba la Syngenta lililokuwa limenyunyiziwa klopirifosi siku iliyotangulia. Kwa mazao mengi lebo ya klopirifosi inakataza kuingia shambani ndani ya saa 24 bila mavazi ya kinga, na saa hizo hazikuwa zimetimia. Kumi walipelekwa hospitali, watatu wakalazwa usiku huo.

Klopirifosi ni organofosfati, yaani iko katika kundi la sumu zinazoshambulia neva. Inakifunga kimeng'enya kinachozima ishara kati ya neva na msuli, ishara zikaendelea kupiga bila kukatika: jasho, mate, machozi, kamasi, tumbo kukata, mboni za macho kusinyaa, na kwa dozi kubwa kifua kubana hadi pumzi kukosekana. Inapita kwenye ngozi. Mfanyakazi anayepita katikati ya mahindi yenye majani mabichi anaipangusa kwa mikono, shingo na suruali bila kuona tone lolote. Ndiyo maana maji na sabuni ni tiba ya kwanza kabla hata ya gari la wagonjwa. Kanuni za Marekani za kulinda wafanyakazi wa mashambani zinataka maji galoni 1 (kama lita 3.8) kwa kila mfanyakazi mwanzoni mwa zamu, sabuni na taulo za kutumia mara moja, vyote ndani ya robo maili ya mahali wanapofanya kazi. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, lilidai kwamba pale Kekaha vifaa vya kunawia havikuwepo inavyotakiwa, na kwamba wagonjwa hawakusafirishwa haraka.

EPA ilifungua mashtaka Desemba 2016 ikitaka dola milioni 4.8. Februari 2018 yakaisha kwa maelewano: faini ya dola 150,000, na dola 400,000 za mafunzo kwa wakulima wadogo na wafanyakazi. Ukilinganisha na madai ya awali, faini hiyo ni ndogo mno. Hata hivyo tukio hilo lilibadilisha mjadala bungeni Honolulu, mji mkuu wa jimbo, kwa sababu safari hii hapakuwa na mgagani wa kusingizia. Dawa ilijulikana, saa zilijulikana, waliougua walijulikana.

Huko Washington nako mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 2015 EPA yenyewe ilikuwa imependekeza kufuta viwango vyote vya mabaki ya klopirifosi vinavyoruhusiwa kwenye chakula, kufuatia ombi lililowasilishwa 2007 na mashirika ya mazingira na tafiti zilizohusisha dawa hiyo na ukuaji wa ubongo wa watoto, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Columbia iliyofuatilia watoto wa New York tangu tumboni. Machi 2017 mkuu mpya wa EPA, Scott Pruitt, akalikataa ombi. Majimbo yakaona hayana wa kumsubiri. Na mwaka huo huo wa 2017 Syngenta iliuza shughuli zake za Hawaii, hivyo mwajiri mmoja mkubwa akawa ametoka kwenye meza ya ushawishi.

Sheria namba 45 ya 2018

Muswada wa Seneti namba 3095 ulipita kwa kauli moja, na Gavana David Ige akautia saini Juni 13, 2018. Una vipengele vinne vyenye uzito.

Cha kwanza ni marufuku ya klopirifosi kuanzia Januari 1, 2019, huku idara ya kilimo ikiruhusiwa kutoa kibali cha muda kwa anayekihitaji hadi Desemba 31, 2022, si zaidi. Utaratibu huu wa kufunga mlango na kuacha dirisha lenye tarehe ya kufungwa ni wa busara. Mkulima anapata misimu ya kujaribu mbadala. Mwombaji lazima ajitokeze kwa jina. Na hakuna anayeweza kuufanya msamaha wa muda kuwa wa kudumu bila kurudi bungeni.

Cha pili ni ukanda wa futi 100 kuzunguka shule. Katika ukanda huo ni marufuku kutumia kiuatilifu chenye masharti wakati wa saa za shule, saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Cha tatu ndicho kilichobadilisha hali. Kila anayetumia viuatilifu vyenye masharti lazima apeleke taarifa idarani ndani ya siku 30 baada ya mwaka kwisha. Taarifa inataja jina la bidhaa, namba ya usajili na kiambato amilifu, jumla ya kiasi kilichotumika, tarehe za matumizi, na mahali kwa namba ya kiwanja inayotumika kutoza kodi ya ardhi. Idara inatoa muhtasari kwa umma, kaunti kwa kaunti. Angalia neno "kila". Hakuna ratili 5 wala galoni 15. Kampuni ya mbegu imo, mkulima wa nanasi yumo, na yumo fundi anayefunika nyumba nzima kwa turubai na kuipulizia gesi ya kuua mchwa. Kwa kuwaingiza wote, bunge liliondoa ile hoja ya uonevu iliyoiandama sheria ya Kauai, na wakati huo huo likapata picha pana kuliko ile ambayo kaunti ingeipata.

Cha nne ni utafiti wa kupima upeperukaji wa dawa katika shule 3. Ni kipengele kizuri, lakini kilipaswa kutangulia, kwa maana futi 100 zilipangwa kabla ya kipimo.

Inapovuja

Tuanze na ukanda. Mita 30 hazifiki nusu ya upana wa uwanja wa mpira. Tone lenye kipenyo chini ya mikromita 150 au hivi halianguki karibu na nozeli, ile ncha inayotoa dawa. Linasafiri na hewa. Kinachoamua litafika wapi ni ukubwa wa tone, urefu wa bomba kutoka juu ya mimea, kasi ya upepo na utulivu wa hewa. Nozeli ya matone makubwa, shinikizo la chini na bomba lililoshushwa vinaweza kufanya kazi kubwa kuliko makumi ya mita za ziada. Sheria haikugusa lolote kati ya hayo, iliyaachia lebo.

Saa za shule nazo zina mtego. Anayetaka kutii sheria atanyunyizia kabla ya saa 1 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Alfajiri na machweo ndiyo nyakati ambapo hewa baridi hulala chini na hewa ya joto kuifunika, upepo ukatulia, na matone madogo yakaning'inia badala ya kutawanyika, yakisubiri mvumo mdogo wa kuyasukuma upande wowote. Zaidi ya hapo, dawa kama klopirifosi huendelea kupanda kama mvuke kutoka majani na udongo kwa saa nyingi baada ya kunyunyiziwa, hasa jua likichoma. Iliyonyunyiziwa jioni ya Jumatatu inafuka Jumanne watoto wakiwa darasani. Kanuni bora ingehesabu saa kuanzia mwisho wa kunyunyizia hadi kengele ya kwanza, ingeweka kiwango cha juu na cha chini cha kasi ya upepo, na ingemtaka mnyunyiziaji aandike upepo alioupima kabla hajafungua bomba.

Kwenye taarifa kuna mianya mitatu. Viuatilifu vya matumizi ya jumla havimo kabisa, kwa hiyo glaifoseti haionekani katika takwimu hizo. Namba ya kiwanja haitoshi pale ambapo kiwanja kimoja kina maelfu ya ekari: kujua kwamba dawa ilitumika "kwenye kiwanja hiki" hakukuambii kama ilikuwa karibu na uzio wa shule au kilomita kadhaa bondeni. Na taarifa ya mara moja kwa mwaka inamfaa mtafiti; nesi wa shule mwenye watoto 30 wanaotapika leo haimsaidii. Kauai ilikuwa imeliona hilo ilipodai tangazo la mapema, na tangazo hilo ndilo lililopotea katika safari ya kutoka kaunti kwenda jimbo. Hii ni hasara kubwa kuliko kupungua kwa futi.

Kisha kuna watu na fedha za kusimamia. Hawaii ina mfuko maalumu unaojazwa na ada ambazo kampuni hulipa kusajili bidhaa zao jimboni, na ni utaratibu mzuri: anayeuza sumu ndiye anayemlipia mkaguzi. Lakini ada iliyopangwa kwa kiwango kimoja kwa kila bidhaa haikui pamoja na kiasi kinachotumika. Bidhaa moja iliyouzwa lita 100 na nyingine iliyouzwa lita 100,000 zinachangia sawa. Anayetaka mfuko utakaoweza kugharamia maabara afikirie tozo inayofuata mauzo, pamoja na kifungu kinachozuia hazina kuzichota fedha hizo kwa kazi nyingine.

Baada ya 2018

California, New York, Maryland na Oregon zilifuata kwa hatua zao wenyewe. Corteva, mrithi wa biashara ya kilimo ya Dow iliyoingiza klopirifosi sokoni mwaka 1965, ilitangaza Februari 2020 kwamba inaacha kuitengeneza. Kwa amri ya mahakama, EPA ilifuta viwango vyote vya mabaki kwenye chakula kuanzia Februari 2022. Novemba 2023 mahakama nyingine ya rufaa ya shirikisho, ya Mzunguko wa Nane, ikaitengua hatua hiyo, na klopirifosi ikarudi kuwa halali kwa sheria ya shirikisho. Desemba 2024 EPA ilipendekeza ibaki kwa mazao 11 tu. Mkulima wa jimbo lisilo na sheria yake alishuhudia dawa ikiruhusiwa, ikikatazwa, kisha ikiruhusiwa tena ndani ya miaka miwili. Hawaii hakuna kilichobadilika: vibali vya muda vilikuwa vimekwisha Desemba 2022 na marufuku ya jimbo haikutegemea EPA.

Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu katika mazingira, ziliiingiza klopirifosi katika orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha ya muda kwa matumizi fulani. Marekani ilisaini mkataba huo lakini haijauridhia. Kenya na Tanzania ni wanachama, na kwao swali la misamaha hiyo limekwisha fika mezani: ipi iombwe, kwa zao gani, hadi tarehe gani, na nani atapeleka taarifa ya kila lita itakayotumika wakati dirisha liko wazi.